Serikali Iliyoingia Bila Hodi

Wakulima wa Sanrizuka waliipata habari ya kuondolewa kwao kwa njia ileile walivyoipata Wajapani wengine wote: kwenye taarifa ya habari. Ilikuwa Juni 22, 1966. Siku hiyo Waziri Mkuu Sato Eisaku alikutana na gavana wa mkoa wa Chiba, Tomono Taketo, wakaelewana kwamba uwanja mpya wa kimataifa wa Tokyo ujengwe huko, kwenye uwanda wa mashamba ulio kilomita 60 hivi mashariki ya jiji. Julai 4 Baraza la Mawaziri likapitisha. Siku kumi na mbili zilitosha kugeuza fununu kuwa amri, na katika siku hizo wenye mashamba hawakuulizwa neno.

Kwetu hata mtoto mdogo anajua kwamba mtu hubisha hodi, na akibisha mara tatu pasipo kuitikiwa, hugeuza njia. Serikali ya Japani haikubisha hata mara moja. Kosa hilo limeigharimu karibu miaka sitini, na bado halijamalizika kulipwa. Ningeweza kuandika sura hii juu ya Sipson na Harmondsworth, vijiji vya jirani na Heathrow vinavyoishi chini ya kivuli cha njia ya tatu ya ndege, au juu ya Notre-Dame-des-Landes karibu na Nantes, ambako serikali ya Ufaransa iliuacha mradi wake Januari 2018 baada ya ubishi wa miongo kadhaa. Nimechagua Sanrizuka kwa kuwa huko tunaona mambo yote: namna watu wa kawaida wanavyofikia kupigana na dola, namna mapigano yanavyowaharibu wote wawili, na namna dola hilohilo lilivyokuja kukaa kitako na kukiri.

Shida iliyoisukuma serikali ilikuwa ya kweli. Haneda, uwanja wa zamani uliopo kando ya Ghuba ya Tokyo, ulikuwa ukielemewa. Ndege za jeti zilikuwa zimeanza, na wapangaji waliamini kwamba ndege za abiria zenye kasi kuliko sauti zingefuata, zikihitaji njia za kurukia zenye urefu wa mita 4,000. Kujaza bahari ili kuipanua Haneda kulionekana kazi ngumu mno kwa wakati ule, na anga la magharibi ya Tokyo lilikuwa mikononi mwa jeshi la Marekani lililoko Yokota. Ikaonekana afadhali kwenda mashariki. Chaguo la kwanza lilikuwa Tomisato, jirani na mji wa Narita, kwa mpango wa hekta 2,300 na njia tano. Wakulima wa Tomisato wakaja juu, na serikali ikarudi nyuma. Ikapunguza mpango hadi hekta 1,060 na njia tatu, ikausogeza kilomita chache tu, ukaangukia Sanrizuka.

Hesabu ilionekana nzuri mezani. Sanrizuka palikuwa na malisho ya farasi ya familia ya kifalme, mali ya dola, kwa hiyo ardhi ya kununua kutoka kwa watu binafsi ingekuwa ndogo. Tena wengi wa wakulima waliobaki walikuwa walowezi maskini, na inaelekea wakubwa walidhani maskini ndiye mwepesi wa kuuza. Waliohesabu walihesabu hekta. Hawakuhesabu namna hekta hizo zilivyopatikana.

Hapa inafaa tukae kidogo, maana ndipo penye kiini. Wenyeji wa eneo lile walikuwa wa namna mbili. Walikuwapo wa vijiji vya kale, ambao mababu zao wamezikwa pale tangu karne zilizopita. Na walikuwapo waliofika baada ya 1945. Japani ilikuwa imeshindwa vita, miji yake imeungua, watu wake wana njaa, na raia kwa mamilioni walikuwa wakirudi kutoka makoloni yaliyopotea. Serikali ikakata sehemu ya malisho ya kifalme na kuwaambia watu: limeni. Wakaja waliorudi kutoka Manchuria, wakaja Waokinawa ambao kisiwa chao kilikuwa chini ya jeshi la kigeni, wakaja wana wa pili na wa tatu wa wakulima wa karibu, ambao kwa desturi hawakuwa na urithi wa shamba. Waliishi kwenye vibanda vya nyasi. Waling'oa visiki na mizizi ya mianzi kwa majembe ya mkono. Udongo wa uwanda ule unatokana na majivu ya volkano, ni mwepesi, ukikauka unapeperuka na upepo, na hautoi kitu mpaka umelishwa mboji mwaka baada ya mwaka. Baada ya miaka kumi, kumi na mitano, ukaanza kutoa: karanga, viazi vitamu, magimbi, matikiti maji. Mashamba hayo hawakuyakuta. Waliyaumba.

Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1960, mkoa ukawahimiza waingie kwenye ufugaji wa viwavi vya hariri. Baadhi wakaitikia, wakapanda miforosadi. Miti ilikuwa bado michanga ilipokuja habari ya uwanja wa ndege. Serikali iliyowaambia wafyeke msitu, kisha ikawaambia wapande miforosadi, sasa ikawaambia waondoke. Mtu akiuliza kwa nini hasira ya Sanrizuka ilikuwa kali kiasi kile, mimi humwonyesha miforosadi ile kabla ya kitu kingine chochote. Fidia hupimwa kwa kinachoonekana siku ya tathmini: eneo la shamba, idadi ya miti, aina ya paa. Miaka ishirini ya mboji haina safu yake kwenye fomu.

Wengi waliuza, na hilo lazima lisemwe. Kufikia 1968 sehemu kubwa ya wenye ardhi walikuwa wameafikiana na shirika la uwanja juu ya masharti ya kuhama. Siwalaumu. Mtu mwenye watoto na deni, akiletewa bei kubwa kuliko aliyowahi kuiota, ana haki ya kuipokea. Lakini kila familia iliyoondoka iliongeza upweke wa zile zilizobaki, na ndani ya kijiji kimoja watu waliokuwa wakisaidiana kuvuna wakaacha kusalimiana. Uchungu huo hauonekani kwenye picha za moshi na marungu, nao ndio uliodumu.

Waliobaki walikuwa wamejipanga tangu wiki zile za kwanza. Vyama vya wakulima wa Sanrizuka na wa Shibayama jirani viliungana vikawa Umoja wa Upinzani, na mwenyekiti akawa Tomura Issaku, Mkristo, muuza zana za kilimo na mchongaji wa sanamu za chuma. Kila rika lilipewa kazi yake: kikosi cha vijana, kikosi cha akina mama, kikosi cha wazee, hata kikosi cha watoto. Mapipa matupu yalitundikwa vijijini, wapima ardhi wakionekana yanapigwa, na watu wanaacha majembe wanakimbilia barabarani. Walibuni pia mbinu ya kisheria ambayo naiona ya busara sana: viwanja viligawanywa vipande vya mita za mraba tatu na kitu, vikauzwa kwa watu waliowaunga mkono nchi nzima, ili serikali ikitaka kutwaa shamba moja ilazimike kumtafuta na kumshitaki kila mwenye kipande.

Oktoba 1967 wapima ardhi walikuja wakilindwa na askari wa kutuliza ghasia wapatao 2,000. Wakulima walikaa barabarani, wakaburutwa. Mwaka huohuo wanafunzi wa vyuo, wa vyama vya mrengo wa kushoto, wakaanza kumiminika kutoka Tokyo na kofia zao ngumu na fimbo zao. Walijenga vibanda, wakakaa, wakasaidia kupalilia. Wakulima waliokuwa wamekipigia kura chama tawala maisha yao yote walijikuta wakipika chai kwa vijana waliotaka mapinduzi. Februari 1968 Tomura alipigwa na askari mjini Narita hadi akaumia kichwa, na tangu hapo wale waliokuwa wakisitasita kuwapokea wanafunzi hawakusita tena.

Mwaka 1971 ndio mzito kuliko yote. Februari na Machi serikali ilianza kutwaa ardhi kwa nguvu. Akina mama walijifunga kwa minyororo kwenye miti iliyokuwa ikatwe. Wengine walichimba mahandaki chini ya mashamba yao wakaingia humo, ili mashine zisiweze kupita juu bila kuua. Watoto waliacha shule wakaja kusimama na wazazi wao. Kila aliyeiona hali ile alipaswa kuuliza kama kuna safari ya ndege yenye thamani hiyo. Serikali haikuuliza. Ilijiandaa kwa awamu ya pili.

Septemba 16 awamu hiyo ilianza, na kwenye njia panda ya Toho askari watatu waliuawa. Nayaandika haya bila kuyafunika. Walikuwa vijana waliotumwa, na waliwaacha nao mama zao. Siku nne baadaye, mashine zilifika kwa Oki Yone. Alikuwa mwanamke wa miaka zaidi ya sitini, aliyeishi peke yake, aliyepelekwa kulea watoto wa watu tangu akiwa mtoto mwenyewe, asiyejua kusoma. Walimkuta anapura mpunga. Askari walimbeba wakamtoa uani, nyumba yake ikabomolewa, na mpunga wake ukabaki pale. Alifariki mwaka 1973. Na Oktoba 1, 1971, kijana mmoja wa kikosi cha vijana, mwenye umri wa miaka 22, alijiua. Polisi walivizunguka vijiji na kuwakamata vijana kwa ajili ya vifo vya Toho. Mtengenezaji filamu Ogawa Shinsuke, aliyehamia huko na kundi lake na kutoa filamu kadhaa kati ya 1968 na 1977, alitengeneza ile ya kijiji cha Heta wakati huo. Hamna mapambano ndani yake. Wazee wanazungumza taratibu juu ya makaburi, mashamba, na vijana waliochukuliwa, na kamera inawasubiri wamalize. Sijui kazi nyingine iliyoniwezesha kuelewa vizuri zaidi ni nini hasa kilikuwa kikibomolewa.

Uwanja ulipangwa kufunguliwa Machi 30, 1978. Machi 26 kundi la wanaharakati lilipita kwenye mifereji ya maji machafu, likaibukia ndani ya uzio, likapanda mnara wa kuongozea ndege na kuvunja mitambo kwa nyundo. Ufunguzi ukaahirishwa hadi Mei 20. Bunge likatunga haraka sheria maalumu ya kulinda uwanja huo mmoja, na siku yenyewe uwanja ulizungukwa na zaidi ya askari 10,000. Ukafunguliwa ukiwa na njia moja tu badala ya tatu. Hata mafuta ya ndege yalikuja kwa garimoshi hadi mwaka 1983, kwa sababu bomba lilikuwa halijaweza kulazwa. Na kwa miaka 37, hadi Machi 2015, kila aliyeingia uwanja huo wa Narita, hata aliyekuja kumpokea shangazi yake, alisimamishwa mlangoni akaonyesha kitambulisho.

Laiti upinzani ungebaki mikononi mwa wakulima, huenda ningekuwa na hadithi nyepesi zaidi. Tomura alifariki 1979. Mwaka 1983 Umoja ukagawanyika, na ndani ya makundi ya wanaharakati wakatokea watu walioona kila anayefikiria kuzungumza na serikali kuwa msaliti, wakawavamia hata wenzao wa jana. Septemba 1988 mwenyekiti wa kamati ya mkoa ya utwaaji ardhi alishambuliwa akavunjwa miguu. Wajumbe wote wakajiuzulu, na Chiba ikakaa bila kamati hiyo hadi 2004. Kwa miaka ile mkoa mzima haukuweza kutwaa ardhi kisheria kwa jambo lolote, hata la barabara. Waliofanya ukatili ule walijiita watetezi wa wakulima. Hawakuwa. Mkulima aliyekuwa akidai asikilizwe hakupata chochote kutokana na miguu ya mtu iliyovunjwa. Alichopata ni jina baya ambalo mpaka leo linatumiwa kumnyamazisha.

Ndiyo maana kilichotokea 1991 kinastahili kujulikana zaidi kuliko mnara uliovunjwa. Wasomi watano, wakiongozwa na Sumiya Mikio wa Chuo Kikuu cha Tokyo, mmoja wao akiwa mwanauchumi Uzawa Hirofumi, walikubali kuongoza mazungumzo ya hadhara kati ya serikali, shirika la uwanja, mkoa, na upande mmoja wa Umoja uliogawanyika. Upande wa pili ulikataa kuja. Walikutana mara kumi na tano kati ya Novemba 1991 na Mei 1993, kisha wakaendelea na meza ya duara hadi Oktoba 1994. Ukumbi ulikuwa wazi kwa wote. Maofisa waliketi kwenye viti vya kawaida wakasikiliza wakulima wakiwasomea historia yao tangu mwanzo: vibanda vya nyasi, miforosadi, ile taarifa ya habari ya 1966. Serikali ilikiri kwamba namna ilivyoanza ndiyo iliyosababisha yote, ikaachana na njia ya kutwaa kwa nguvu, na ikaahidi kwamba njia zilizobaki zitajengwa kwa maafikiano tu. Mwaka 1995 Waziri Mkuu Murayama Tomiichi aliomba radhi.

Hodi ilibishwa hatimaye, miaka ishirini na tano baada ya mgeni kuvunja mlango. Wapo wanaosema mazungumzo yale yalikuwa ujanja wa kuwalainisha wakulima. Mimi sikubali. Serikali iliyokuwa na sheria, pesa na polisi ilijifunga mikono hadharani, na tunaweza kuupima ukweli wa hilo kwa mita. Njia ya pili ilipofunguliwa Aprili 18, 2002, ili iwahi Kombe la Dunia lililoandaliwa na Japani na Korea Kusini, ilikuwa na urefu wa mita 2,180 badala ya 2,500 zilizopangwa. Upande wa kusini kulikuwa na familia ambazo hazijakubali, kwa hiyo njia ilisogezwa kaskazini na kufupishwa, na ndege kubwa kama Boeing 747 hazikuweza kuitumia. Ilifikia mita 2,500 mwaka 2009, kwa kurefushwa kaskazini. Hata leo, mwisho wa kusini wa njia hiyo kuna kihekalu kidogo cha Toho, kimezungukwa na uzio, na waumini hukifikia kwa kichochoro kati ya kuta.

Wakati huohuo Haneda, ile iliyodhaniwa haiwezi kupanuliwa, ilipanuliwa. Mwaka 2010 ilipata njia ya nne, iliyojengwa juu ya bahari, na safari za kimataifa zikarudi kwa wingi. Ushindani huo ndio unaoisukuma Narita sasa. Mwaka 2018 serikali, mkoa, miji tisa ya jirani na kampuni ya uwanja walitia saini makubaliano ya kujenga njia ya tatu yenye urefu wa mita 3,500, kuirefusha ile ya pili ifikie urefu huohuo, na kuongeza uwezo kutoka safari 300,000 hadi 500,000 kwa mwaka. Ardhi mpya inayotakiwa ni zaidi ya hekta 1,000, yaani karibu sawa na Sanrizuka nzima ya 1966. Saa za utulivu usiku zitapungua.

Safari hii mikutano ya kuwaelimisha wananchi imefanyika, na wenyeji wengi wanautaka mradi. Vijiji vimepungukiwa vijana, wakulima wamezeeka, na meya anayeona shule inafungwa kwa kukosa watoto huona ajira uwanjani kama pumzi. Wapo wanaopinga kwa sababu ya kelele, hasa watakaolala chini ya njia mpya ya ndege, na hoja yao haihitaji itikadi yoyote: wanataka kulala. Mwaka 2011 kampuni ya uwanja yenyewe ilifungua huko Shibayama jumba la kumbukumbu la mapambano haya, ikaziweka kofia ngumu za wapinzani nyuma ya kioo, kwa heshima.

Lakini kuna shamba moja linaloninyima imani kamili. Familia moja imelima hapo kwa vizazi vitatu kama wapangaji. Mwaka 1988 shirika la uwanja lilinunua ardhi ile kutoka kwa mwenyewe kimyakimya, na kwa miaka mingi mkulima aliyekuwa akiilima hakuambiwa. Alipoambiwa, ilikuwa kwa njia ya kudaiwa aondoke. Kesi ilikwenda hadi Mahakama ya Juu, akashindwa, na Februari 2023, usiku, maofisa wa mahakama wakisindikizwa na polisi walikuja kuondoa majengo na kuchukua sehemu ya shamba. Kisheria haikuwa utwaaji. Ilikuwa mwenye mali kudai mali yake.

Wenye viwanja ambavyo njia ya tatu bado inavihitaji wameisoma habari hiyo kama nilivyoisoma mimi. Ahadi ya 1994 ilitolewa kuhusu njia zilizochorwa kwenye ramani ya 1966, na njia mpya haikuwamo kwenye ramani ile. Ningependa kampuni ya uwanja na serikali waseme hadharani, kabla mashine hazijafika kwenye kiwanja cha mwisho, kama ahadi ile inawahusu na watu hawa.